Siku Tisa Baada ya Ndege Kutua

Kwa miaka sita nilisafisha ndege pale Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mtu akikaa masaa mengi hewani huacha adabu zake mlangoni. Nimekuta nepi iliyojaa imesokomezwa kwenye mfuko wa kiti, katikati ya majarida. Nimekuta kucha za miguu zimekatwa na kupangwa mstari kwenye meza ya kukunja. Nimekuta chingamu imebandikwa kwenye mkanda wa kiti, mahali ambapo abiria atakayefuata lazima aweke kidole. Tulikuwa tunaingia watu watano au sita mara tu abiria wa mwisho aliposhuka, tunavaa glavu, na kabla hujashika chochote harufu inakupokea: pumzi za watu mia mbili, soksi, vyakula vilivyopashwa moto, na chini yake kitu kitamu kitamu kinachooza. Mwanzoni nilitapika mara mbili. Baadaye nilizoea, yaani mikono yangu ilizoea. Tumbo halikuzoea kamwe.

Ndege tulizosafisha zilitoka London, Amsterdam, Brussels, Frankfurt. Hakuna hata moja iliyotoka kwetu. Kwetu ni Bujumbura, mtaa wa Bwiza, ambako mama yangu alikuwa akiishi na mdogo wangu wa kiume. Nilitoka huko mwaka 1997, vita ikiwa imepamba moto, na binti yangu mgongoni. Tukakaa kambini upande wa Kigoma miaka mitatu, kisha tukapata nafasi ya kuja Sweden. Pasipoti ya Sweden niliipata mwaka 2005. Nikaiweka kwenye droo ya chumbani, chini ya soksi, na pale ikakaa.

Mama mwenyewe mwanzoni alikuwa akinikataza. "Usije, bado wanapiga," alikuwa akisema kwenye simu. Halafu ikafika siku akaacha kusema hivyo, na mimi nikajifanya sikusikia tofauti. Mwaka huu mtoto anabadilisha shule. Mwaka huu kazini wamepunguza watu. Mwakani, mama. Kila siku nilikuwa ndani ya ndege, na sikuwahi kukaa kwenye kiti hata kimoja.

Tulikuwa tunaishi Vårby gård, ghorofa ya nne, mimi na binti yangu peke yetu. Mwaka 2008 alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa amekwishaacha kunijibu kwa Kiswahili. Jumamosi moja mwezi wa kwanza alikuwa kwenye kompyuta, nikamwambia aniangalizie umbali kutoka Stockholm mpaka Bujumbura.

"Varför?" akauliza. Kwa nini?

"Nataka kujua tu."

Akabonyeza bonyeza. Kuna ukurasa ambao unaandika jina la mji huu na la mji ule, wenyewe unachora mstari mwekundu juu ya ramani. Kilomita elfu saba na kidogo. Chini yake waliandika muda wa safari: masaa manane na dakika arobaini na tano.

"Men det finns inget direktflyg," akasema, akimaanisha kwamba hakuna ndege ya moja kwa moja. "Mamma, kwa hiyo ni uongo tu."

Hayo ya mwisho aliyasema kwa Kiswahili, nakumbuka, kwa sababu maneno ya Kiswahili yalimtoka kwa nadra.

Mtu niliyemsikia akitaja masaa manane kila mara ni mzee mmoja wa kikundi chetu cha maombi. Tulikuwa tunakutana Jumapili mchana kwenye chumba cha kukodi pale Skärholmen, Warundi wengi, Wakongomani kiasi, na familia mbili za Kenya, ndiyo maana tulisali kwa Kiswahili. Yeye alikuwa Mrundi mwenzangu, miaka sitini hivi, kofia ya sufu kichwani na koti refu. Sote tulimwita Mzee. Alikuwa na shughuli Bujumbura ambazo hakuna aliyezielewa vizuri, na alisafiri mara mbili au tatu kwa mwaka. Akirudi alisimama mbele yetu akasema dunia imekuwa ndogo. "Ni masaa manane tu, wapendwa! Chai nakunywa Skärholmen, jioni nakula samaki mukeke wa kuchoma kando ya ziwa." Watu walicheka kwa furaha. Sote tulijua si masaa manane, maana lazima upite mji mwingine wa Ulaya, halafu Nairobi, na usubiri. Lakini ilikuwa inapendeza kumsikia. Kila safari alibeba vifurushi vya watu, na tulimshukuru kama mtu anayebeba maji kichwani kwa ajili yetu.

Mwezi wa pili alitangaza anasafiri. Mama alikuwa na kisukari kwa miaka kadhaa, na miezi ile macho yake yalikuwa yanafifia. Nilimwandalia mashine ndogo ya kupimia sukari na vile vikaratasi vyake vya kutosha, sweta la rangi ya kahawia, barua, na picha tatu za mjukuu wake, ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa mtoto wa kubebwa. Nilipompelekea Mzee mfuko huo kwake, aliupima kwa mkono akasema, "Huu ni mwepesi, binti yangu. Nitaufikisha siku ileile nikitua. Nitakaa naye, nitamwombea."

Nikampigia mama nikamwambia. Alifurahi kama mtoto. Akaniuliza ndege inatua siku gani, nikamwambia Jumapili. Akaniuliza saa ngapi.

Ile Jumapili ilipita. Nilipiga Jumatatu, simu ya mama ilikuwa imezimwa. Hilo halikunishtua, umeme Bwiza ulikuwa unakatika siku nzima na yeye alichaji simu kwa jirani. Alhamisi nilimpata kwa dakika moja, sauti yake ikiwa nzito, akasema yuko sawa, anasubiri. "Bado hajafika?" nikauliza. "Atafika," akasema, "watu wa ndege wanachoka." Kisha ikakatika. Baada ya hapo haikupatikana tena, na simu ya mdogo wangu nayo iliita bila kupokelewa. Nikajiambia Mzee ameshafika sasa, na kama kuna tatizo angeniambia.

Jumapili ya pili baada ya ile, Mzee alikuwa amerudi. Aliingia tukiwa tumeshaanza kuimba. Alipopewa nafasi alisimama, akavua kofia, akanitafuta kwa macho.

"Ninyi mnajua jana saa kama hizi nilikuwa wapi?" akasema. "Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama yake dada yetu huyu. Jana tu! Mama mzima, anacheka. Amevaa sweta aliloletewa, na joto lile! Ameshika picha ya mjukuu wake hivi, kifuani. Akanipakulia maharage. Wapendwa, nimekula maharage mengi maishani, lakini yale yana mafuta ya mawese na kitunguu kilichoiva vizuri, nikaomba niongezwe. Leo nipo hapa mbele yenu. Dunia imekuwa ndogo!"

Watu wakasema amina. Mwanamke aliyekaa kando yangu alinikumbatia. Mimi nililia kwa furaha mpaka leso ikalowa, na baada ya ibada nilimshika Mzee mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwa wakubwa. Kiganja chake kilikuwa cha moto na unyevunyevu. Nakumbuka hilo kwa sababu baadaye nilikuja kuutazama mkono wangu kwa namna nilivyozoea kutazama glavu nikishazivua.

Jumatatu niliingia kazini mchana. Nilikuwa nafanya kazi na mzee wa Kiganda, Mwislamu, aliyekuja Sweden zamani kama mkimbizi na kukaa Hjulsta tangu siku hizo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za jeshi, alikisema kwa sauti kubwa na bila haya. Mzee alimfahamu, niliwahi kuwakutanisha. Siku ile tulikuwa tunakunja blanketi viti vya nyuma.

"Dada," akasema, "ile mzee yenu ya kanisa, ya kofia, mimi naona yeye Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa hii! Wewe ulikuwa off. Ndege ya saa sita mchana kutoka Amsterdam. Watu yote imetoka, yeye amebaki, anatafuta kofia chini ya kiti. Mimi nampa kofia. Ananiambia anatoka kwenu, amechoka sana."

Nilikaa kwenye kiti, jambo ambalo hatukuruhusiwa. Mtu aliyetua Stockholm Ijumaa saa sita mchana hawezi kuwa sebuleni Bwiza Jumamosi. Hakuna ndege ya namna hiyo. Nikajaribu kumtetea kichwani: ni mzee, amechanganya siku, uchovu. Pengine alitaka kusema Alhamisi.

Jioni ile nilimpigia. Nilisema kwa upole, "Mzee, nilitaka kujua vizuri, ile siku uliyokula kwa mama ilikuwa lini?"

"Si nilisema? Jumamosi."

"Jumamosi ulikuwa huku, Baba. Kuna mtu alikuona Arlanda Ijumaa."

"Ah, ndiyo. Basi Alhamisi. Alhamisi jioni. Haya masaa yanachanganya, binti yangu."

Ratiba za ndege nilizijua kama wengine wanavyojua ratiba ya metro. Ukitaka kufika Stockholm Ijumaa mchana, lazima ulale hewani kutoka Nairobi, na ili uwahi Nairobi lazima uwe umeondoka Bujumbura Alhamisi mchana. "Alhamisi jioni ulikuwa Nairobi, Baba," nikasema.

"Jumatano, basi! Jumatano. Kwani shida ni nini? Mama yako ni mzima, umepata salamu, unanihoji kama polisi?"

Akakata. Niliendelea kushika simu sikioni. Kila nilipomtajia saa, alimchukua mama yangu na sahani yake ya maharage akamhamishia siku nyingine, bila hata kutafuta pumzi.

Kesho yake asubuhi nilipiga gereji ambako mdogo wangu alikuwa fundi. Waliniambia nisubiri, nikasikia nyundo, kisha sauti yake.

"Dada," akasema. "Pole sana. Tulikuwa tunangoja upige. Tukasema labda bado unalia."

Sikumwelewa. Nilimwuliza nilie nini.

Akawaambia wenzake waache kugonga. "Mzee hajakwambia?"

Mama alikuwa amefariki siku kumi zilizopita, Jumamosi asubuhi. Walimzika Jumatatu. Familia ilikubaliana nisipewe habari kwa simu, niko peke yangu na mtoto ughaibuni, wakaona aheri niambiwe na mtu mzima, ana kwa ana, watu wa sala wakiwa karibu yangu. Mzee alipotokea msibani Jumanne na mfuko wangu mkononi, walimkalisha chini wakampa kazi hiyo. Akaikubali. Aliinamisha kichwa akasema, "Nitamwambia mwenyewe, kwa taratibu." Ndiyo maana mdogo wangu hakupokea simu zangu, aliogopa sauti yake itamsaliti.

"Jumanne?" nikauliza. "Alitua Jumapili ya kabla ya hapo."

"Nasi alituambia ametua jana yake. Lakini kijana wa jirani anahudumia meza kwenye hoteli ile ya ufukweni. Alimwona pale tangu Jumapili ile ya kwanza. Kila jioni yupo, na marafiki zake, na samaki." Akavuta pumzi. "Siku tisa, dada. Kutoka hotelini mpaka nyumbani hakufiki kilomita tano."

Nikamwuliza mama alikuwa anafanya nini siku hizo.

"Alikuwa anakaa mlangoni. Tangu Jumapili ile. Alivaa kitenge chake kizuri, akaniambia nifagie uwanja, mgeni anakuja. Jumatatu hivyohivyo. Jumatano nikamwambia aingie ndani, jua kali, akakataa, akasema mgeni akikuta mlango umefungwa ataondoka. Ijumaa hakuweza kuamka."

Nilimwuliza kama ile mashine ya sukari ingesaidia. Akasema hajui. Daktari alisema sukari ilikuwa juu mno, na hakuna aliyejua imepanda tangu lini. Mimi pia sijui, na sijawahi kumwambia mtu kwamba najua.

Halafu nikauliza jambo ambalo hata sasa sijui kwa nini nililiuliza. "Alikula maharage?"

"Nani, Mzee? Alikula. Wanawake walikuwa wamepika ya matanga, sufuria kubwa. Alikula sana. Akaomba aongezwe."

Nilifika chooni kwa shida. Nilitapika mpaka hakukuwa na kitu, na bado mwili ulikuwa unavuta kutoka ndani. Kitunguu kilichoiva vizuri. Alikuwa amekaa uwanjani kwa mama yangu, kaburi likiwa bichi, akala chakula cha msiba wake, kisha akakileta Skärholmen akatupakulia sote. Na mimi nikasema amina.

Jumatano nilikwenda kwake. Mkewe alifungua, mama mpole aliyekuwa akinisaidia mtoto wangu alipokuwa mdogo. Sidhani alijua lolote. Mzee alikuwa mezani anamenya chungwa. Hakusimama. Nilimwambia nimeongea na mdogo wangu.

Aliendelea kumenya. "Basi umejua," akasema. "Pole. Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

"Kwa nini ulisema mzima?"

"Nilikuonea huruma. Uliniangalia Jumapili kwa matumaini, nikasema nikupe angalau wiki moja ya furaha. Nilipanga kukwambia Jumapili inayokuja." Akaweka kipande cha chungwa mdomoni. "Mtu mzima anajua wakati wa kusema."

"Na zile siku tisa?"

Hapo mkewe aliyekuwa anamimina chai akasimama na birika mkononi. "Siku tisa gani?" akauliza.

"Miguu ilivimba," akasema Mzee. "Ninyi hamjui safari ile. Masaa yote hayo umekaa, damu inashuka, mwili unakuwa mzito kama gunia. Lazima mtu apumzike."

"Siku tisa, Baba? Alikuwa amekaa mlangoni."

Akapangusa vidole kwa leso, kimoja kimoja. Ndipo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe unafanya kazi kwenye ndege na hujawahi kupanda hata moja kwenda kumwona. Sasa unataka kunifundisha mimi safari?"

Juisi ya chungwa ilikuwa kwenye ndevu zake. Nilitamani kumpiga, lakini zaidi ya hapo nilitamani kutomgusa, wala kugusa kiti chake, wala kikombe ambacho mkewe alikuwa ameniwekea mbele yangu. Nilitoka bila kuaga. Kilichonichukiza kuliko vyote ni kwamba alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameihifadhi ile kweli kwa ajili ya siku kama hiyo.

Habari za kifo zilienea, na kikundi kikaandaa matanga Jumapili iliyofuata. Wanawake walipika, wakaniletea khanga ya kujifunika, wakaja nyumbani Vårby gård kunichukua. Nilikwenda kwa ajili ya mama. Nilipoingia ukumbini nikaona ni Mzee amesimama mbele na Biblia, ndiye atakayeongoza. Alianza kwa kusema alibahatika kumwona marehemu siku zake za mwisho.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Hakumwona. Alimkuta amezikwa. Alikaa hotelini siku tisa mama akimsubiri mlangoni, kisha akala msibani, kisha akaja hapa akatuambia amepakuliwa na mama mwenyewe." Nilisema hivyohivyo, kwa maneno machache.

Watu waliangalia viatu vyao. Kisha mtu wa nyuma akaanzisha wimbo, polepole, na wengine wakaudaka kwa haraka kama watu wanaofunika kitu kinachonuka. Mwanamke mmoja wa Kikongomani akanishika bega akanitoa nje.

"Mama, si hivyo," akaninong'oneza. "Mbele ya watu? C'est un papa. Ni baba yetu. Amekosea, lakini nani atatubebea vitu?"

"Wewe ungempa tena mzigo wako?"

Kiangazi kile alimpa, nilisikia. Wengi walimpa. Nilipoondoka ukumbini walikuwa bado wanaimba, na harufu ya pilau ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi. Sikurudi kwenye kikundi kile. Baada ya hapo nilikuwa namwona Mzee mara mojamoja kwenye metro, laini nyekundu, na kila mara alinivulia kofia. Nilikuwa nashuka kituo kinachofuata nangoja treni nyingine.

Mwezi wa saba niliitoa pasipoti kwenye droo. Nikaomba likizo, nikamchukua binti yangu, tukapanda ndege kwa mara ya kwanza tangu tulipoletwa. Niliangalia saa tulipofunga mlango wa nyumba. Stockholm mpaka Amsterdam hakukuwa na neno. Kutoka pale mpaka Nairobi mtoto aliumwa tumbo. Nilimshikia mfuko wa kutapikia, ule ule ambao nilikuwa nimeokota mamia yake, nikaukunja mdomo, na kwa sababu mhudumu alikuwa mbali na mimi nilikuwa nimechoka, niliusukuma kwenye mfuko wa kiti cha mbele pamoja na karatasi chafu. Nilipogundua nilichofanya nililazimika kufumba macho. Nikautoa tena, nikaushika mapajani mpaka mhudumu akaja.

Nairobi tulikaa kwenye viti vya chuma masaa saba. Binti yangu alilala kichwa chake kikiwa pajani kwangu. Tulipotua Bujumbura joto lilitupiga usoni, na mdogo wangu alikuwa nje ya mlango wa kutokea, mnene kidogo, mvi mbili tatu, amevaa shati ambalo bila shaka aliliazima. Niliangalia saa tulipovuka kizingiti cha nyumba ya mama. Masaa ishirini na sita na dakika kumi, kutoka mlango mpaka mlango. Niliwahi kukaa muda mrefu zaidi ya huo nikisubiri fundi wa mashine ya kufulia.

Makaburini hakukuwa na mengi ya kufanya. Tuling'oa majani, binti yangu akaweka maua, akauliza kwa Kiswedi kama bibi alikuwa mrefu au mfupi. Mdogo wangu hakuelewa, nikamtafsiria, naye akaonyesha kwa mkono, hapa, begani kwake.

Jioni tulikaa uwanjani. Nilianza kumsema Mzee. Nilimsema kwa muda mrefu, kofia yake, chungwa lake, miguu yake iliyovimba. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Yule alichelewa siku tisa," akasema. "Mimi simsamehe. Lakini dada, wewe ulichelewa miaka kumi na moja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi anayekueleza kilichoharibika. Nilitaka kumwambia juu ya vita, na kambi, na shule ya mtoto, na zamu za kazi, na yote yalikuwa kweli. Nikamwambia ndiyo.

Tulikaa naye wiki tatu. Hatukulizungumza tena. Alimfundisha binti yangu kubadilisha gurudumu la gari, naye akajua kusema "spana" na "lete hapa", akawa anaamka asubuhi kabla yangu ili waende wote gereji. Siku ya kuondoka mdogo wangu alitubebea masanduku yote mawili mpaka mahali ambapo askari alimzuia, akasema, "Ukifika nipigie. Wewe, si mtu mwingine."

Nilimpigia tukiwa kwenye treni kutoka Märsta, kituo cha karibu na uwanja wa ndege. Akaniuliza tumechukua muda gani. Nikamwambia masaa ishirini na nane na nusu, tumechoka, mtoto anamsalimia. Akasema kule kumeanza kunyesha. Nikamsikiliza akiita watu waingize magari ndani, na sikukata simu mpaka aliporudi kwenye simu.